"Sijui" ya mwalimu: kile Jean-Henri Fabre alinifundisha juu ya kufundisha



Leo sitaandika juu ya mbegu wala juu ya mbolea kama kawaida yangu. Nataka niwaletee historia ya mwalimu mmoja wa Ufaransa, Jean-Henri Fabre, aliyezaliwa mwaka 1823 na kufa mwaka 1915, ambaye alitumia maisha yake kuangalia wadudu na kuandika vile alivyoona. Najua kuko wenye watasema: wadudu wa Ufaransa na sisi huku, wapi na wapi? Muvumilie kidogo. Huyu mzee njo alinisaidia kuelewa aibu moja niliyoipata shambani. Nianze na ile aibu.

Nilikuwa finaliste, niko kwenye staji katika kijiji kimoja cha milima ya Kivu ya Kusini. Munajua ugonjwa wa mnyauko wa migomba: ulionekana Masisi mwaka 2001, na toka hapo ukatembea shamba kwa shamba mpaka kwetu. Tulikuwa tumepewa karatasi yenye maagizo matatu. La kwanza: ondoa lile ua la dume lenye kuning'inia chini ya mkungu, na uliondoe kwa kijiti cha panda. La pili: safisha panga kwa moto ao kwa jiki kabla ya kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine. La tatu: ng'oa migomba yenye imekwisha kushikwa. Niliyajua yote kwa kichwa. Niliyasema mbele ya wakulima karibu 30, sauti juu, kama mtu anasoma matangazo ya misa.

Mama mmoja mzee akainua mkono. "Aksanti, mutoto yangu Agronomu. Lakini juu ya nini muti ya panda? Mupanga yangu iko na makosa gani?"

Sikujua. Kwenye karatasi haikuandikwa, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nikajibu: "Mama, njo vile watu wa utafiti walisema." Yeye akasema "sawa", watu wakanyamaza kwa heshima, mkutano ukaisha. Wiki mbili nyuma yake nilipita kwake, nikamkuta anakata yale maua kwa panga, mgomba huu, mgomba ule, bila kuosha kitu. Alifikiri anatii. Na mimi sikuwa na nguvu ya kumlaumu, sababu sikumpa maana ya jambo, nilimpa amri tu. Utomvu wa mgomba mgonjwa ukibaki kwenye panga, panga njo inapeleka bakteria kwa mgomba mzima. Kwa kijiti cha panda unashika ile shingo ya ua, unazungusha, inakatika yenyewe, hakuna chuma kinachoingia ndani. Maneno hayo ni ya dakika moja. Miaka yangu yote ya inivesite haikunipa hiyo dakika moja, ao ilinipa na mimi sikuishika.

Msimu uleule, siku moja nikingoja mvua ipite, nikaingia biblioteki ya paroisi. Nikaokota buku moja la zamani lisilo na jalada. Lilikuwa la Fabre.

1. Mtoto aliyeshindwa na herufi

Fabre alizaliwa Saint-Léons, kijiji cha milima kusini mwa Ufaransa, wazazi wake watu maskini. Shule yake ya kwanza anaieleza yeye mwenyewe: chumba kimoja kilichokuwa darasa, jiko na mahali pa kulala, kuku na watoto wa nguruwe wanaingia mlango ukifunguliwa. Mwalimu alikuwa pia kinyozi, mpiga kengele wa kanisa na msimamizi wa mali ya tajiri mmoja. Siku zingine wanafunzi walipelekwa bustanini kuua konokono. Wenye tulisoma shule za kijiji tunaweza kucheka hapa, lakini tucheke pole pole.

Pale shuleni mtoto Fabre hakushika herufi. Siku moja baba yake akaleta kutoka mjini karatasi kubwa ya picha, kila herufi na mnyama wake: A na punda, B na ng'ombe, C na bata, kufuata majina yao ya Kifaransa. Ile karatasi ikabandikwa dirishani, na katika siku chache herufi zikaingia. Wakubwa zangu, akili ya yule mtoto haikuongezeka kwa siku chache. Ilikuwa pale tangu zamani. Hakuna mtu aliyekuwa ameiita kwa jina la kitu inachokijua.

Maisha hayakuwa laini nyuma ya hapo. Wazazi walihama mji kwa mji, biashara zao zikianguka. Kijana akauza malimau sokoni, akafanya kazi ya mikono kwenye njia ya reli. Baadaye akashinda mtihani wa kupata nafasi ya bure kwenye shule ya walimu ya Avignon. Mwaka 1842, hajatimiza hata miaka 19, akatumwa kufundisha Carpentras, kwa mshahara wa franga 700 kwa mwaka.

2. Nyuki wa Carpentras

Hapa njo pananipendeza kuliko popote. Kati ya masomo aliyofundisha kulikuwa kupima ardhi, na lile somo alilifanyia inje, kwenye uwanja wa mawe na nyasi kavu. Kila mwanafunzi na kazi yake: huyu anapeleka mti wa kupimia, yule anavuta mnyororo. Mwalimu akaona kitu cha ajabu. Kijana aliyetumwa kusimika mti anasimama njiani, anainama, anaokota jiwe, anasahau kazi. Mwingine naye vilevile.

Kumbe wanafunzi walijua jambo lenye mwalimu hakujua. Juu ya yale mawe kulikuwa na viota vya udongo vya nyuki mkubwa mweusi, nyuki mwashi, na ndani mulikuwa asali. Vijana walikuwa wanaivuta kwa majani makavu. Wangapi kati yetu wangechukua fimbo pale pale? Fabre akaonja asali pamoja nao. Kisha akataka kujua: nyuki huyu ni nani, anajenga namna gani? Kwenye duka la vitabu akapata buku moja kubwa juu ya wadudu, bei yake mshahara wa mwezi mzima. Akalinunua. Kazi yake ya maisha yote ilianzia pale, kwa mwalimu aliyekubali kufundishwa na wanafunzi wake kitu kisichokuwa kwenye programu.

Na kupima ardhi? Waliendelea kupima. Somo halikufa. Nasema hivi juu kuko wenye kufikiri kwamba ukimuachilia mwanafunzi aangalie mambo, programu haitaisha.

3. Mkubwa aliyesahihishwa akafurahi

Mwaka 1849 Fabre alikwenda kufundisha fizikia Ajaccio, kisiwani Corsica. Kule akakutana na profesa mmoja wa elimu ya viumbe, Moquin-Tandon. Huyu, kabla ya kuondoka, alimpa somo moja tu: alichukua mkasi wa kushonea na sindano mbili, akaweka konokono kwenye sahani ya maji, akampasua na kumuonyesha kila kiungo. Fabre aliandika baadaye kwamba lile lilikuwa somo la pekee la elimu ya viumbe alilopata kwa mwalimu maishani. Tukilalamika kwamba hatuna laboratware, tukumbuke ile sahani. Sisemi laboratware haina kazi. Nasema kukosa laboratware hakukatazi kupasua ua la mgomba mbele ya darasa.

Akarudi Avignon mwaka 1853. Jioni moja ya baridi akasoma andiko la mzee Léon Dufour, mtaalamu mwenye jina kubwa. Dufour alikuwa amegundua kwamba nyigu mmoja anajaza kiota chake mbawakawa kwa chakula cha watoto, na kwamba wale mbawakawa wanakaa wiki nyingi bila kuoza. Alifikiri nyigu anawaua na kuwatia dawa ya kuzuia kuoza. Fabre hakubishana kwa maneno. Alikwenda kwenye viota, akachimba, akangoja, akaangalia. Akakuta mbawakawa hawakufa. Walikuwa wamepooza: nyigu anapiga mwiba wake pale penye neva zinazoendesha miguu, na chakula kinabaki kizima bila kutembea. Alitangaza matokeo mwaka 1855. Na Dufour, mzee mwenye alisahihishwa na mwalimu kijana asiyejulikana, alimwandikia barua ya kumtia moyo.

Nilisoma hapo mara mbili. Kwetu, finaliste akionyesha kwamba silabusi ya mkubwa iko na kosa, je, anapata barua ya kumtia moyo? Kila mtu ajibu ndani ya moyo wake.

4. Pasteur hakujua

Mwaka 1865 viwavi vya hariri vilikuwa vinakufa kusini mwa Ufaransa, na wakulima walikuwa wanafilisika. Serikali ikamtuma Louis Pasteur atafute dawa. Pasteur akapita kwa Fabre, Avignon, akaomba kuona vile vifuko vya hariri, juu hakuwahi kuvishika. Fabre njo anasimulia: Pasteur alichukua kimoja, akakitikisa karibu na sikio, akashangaa kusikia kitu ndani. Akauliza ni nini. Fabre akamjibu kwamba ni kiwavi katika hali ya kugeuka, kabla ya kuwa nondo. Pasteur hakujua hata hilo!

Mbele ya mwalimu wa shule, yule mtaalamu wa Paris hakuona haya kuuliza swali la mtoto. Mwaka 1870 alichapisha matokeo yake. Njia yake: mkulima atenge mayai ya kila nondo peke yake, achunguze nondo mwenyewe kwa mikroskopi, na atupe mayai ya mwenye ugonjwa. Wakulima waliitumia. Fabre hakusema kwamba ujinga ni mzuri. Alichukua kwa Pasteur somo lingine: kuanza mbele ya mdudu kama mtu asiyejua kitu, kumuuliza yeye mwenyewe, kisha ndiyo kufungua mabuku.

Sasa muweke pembeni yake yule "Agronomu" wa karatasi ya maagizo matatu. Pasteur alikuwa na elimu mara mia kuliko mimi, akasema sijui. Mimi nilikuwa na karatasi moja, nikasema watu wa utafiti walisema.

5. Somo lililomfukuzisha

Fabre hakuwa mtu wa kujifungia. Wakati wa waziri wa elimu Victor Duruy, alifundisha jioni bure mjini Avignon, watu wa kila aina wanakuja, na wasichana pia. Aliwaeleza namna chavua inavyofika kwenye ua na tunda linavyoanza. Kwa wakati ule, kuwaeleza wasichana namna ua linavyozaa kulihesabiwa kuwa haya. Kelele zikapanda. Akafukuzwa hata kwenye nyumba aliyopanga, yeye, mke na watoto. Rafiki yake John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza aliyekuwa anaishi Avignon, alimkopesha franga 3.000 ahame kwenda Orange. Akaacha kazi ya ualimu, akaishi kwa kuandika mabuku ya shule. Alikuwa ameanza mbele: mwaka 1862 alitoa masomo ya kemia ya kilimo.

Mutaona ile kazi yake ya kuonyesha vitu vile vilivyo haikuwa mchezo wa mzee mwenye kupenda vipepeo. Ilimgharimu mkate wake. Wasichana walipewa haki ya kuangalia ua na kuelewa, na kuko watu waliona hiyo ni hatari. Mimi nafikiri waliona sawa. Mtu aliyejifunza kuangalia mwenyewe hatawaliwi kwa urahisi.

6. Viwavi kwenye ukingo wa chungu

Mwaka 1879, akiwa na miaka zaidi ya 50, alipata kiwanja chake karibu na Sérignan, hektari moja hivi ya mawe na miiba, ardhi ambayo hakuna mkulima angeitaka. Watu wa kule wanaita ardhi ya namna hiyo harmas. Kwake ilikuwa paradiso, sababu wadudu waliipenda. Mwaka uleule likatoka buku la kwanza la Souvenirs entomologiques, na la kumi likatoka mwaka 1907.

Jaribio lake linalojulikana sana ni la viwavi vya misonobari. Hawa wanatembea kwa msafara, kila mmoja kichwa kwenye mkia wa mwenzake, wakifuata uzi wa hariri. Mwishoni mwa Januari 1896 Fabre aliona msafara umepanda kwenye ukingo wa chungu kikubwa cha maua. Ulipozunguka ukingo wote, akaondoa wale waliobaki chini na kufuta njia ya hariri waliyopandia. Duara likafungwa. Hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma, kila mmoja anafuata. Walizunguka siku saba, kwa njaa na baridi, na chakula kilikuwa karibu kabisa. Siku ya nane wachache waliochoka wakatoka kwenye njia, na msafara ukashuka.

Najua munatarajia niseme: njo sisi wale, na masilabusi yetu ya kukopya mwaka kwa mwaka. Ndiyo, nilifikiri hivyo nilipoisoma. Lakini Fabre hakuandika kwa kuwatukana viwavi, aliandika kwa kuelewa mpaka wa silika. Na tusisahau nani aliyefuta ile njia: yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Mwanafunzi anayekariri bila kuelewa hakujiweka kwenye duara. Kuko mtu aliyemfutia njia ya kushukia kila alipomjibu: usiulize, andika.

7. Mwenye kuonyesha njia yake anaweza kusahihishwa

Sitaki mufikiri Fabre alikuwa malaika. Darwin alimheshimu sana kama mwangaliaji na waliandikiana barua, lakini Fabre alikataa fundisho la mageuzi ya viumbe mpaka kifo. Na wengine waliorudia kuangalia nyigu walikuta mwiba wao hauko na ule uhakika wa ajabu aliousifu.

Lakini angalieni namna tunavyojua kwamba alikosea. Ni kwa sababu aliandika kila kitu: siku, mahali, mara ngapi alijaribu, mara ngapi alishindwa. Juu ya yule mdudu anayeviringisha mavi ya wanyama, katika buku la kwanza aliungama kwamba hakufaulu kujua namna anavyotaga. Jibu lilifika katika buku la tano, mwaka 1897, na aliyemletea ufunguo alikuwa kijana mchungaji, mwenye kuokota chini ya ardhi kitu cha umbo la peya: mavi laini yaliyofinyangwa vizuri, na yai likiwa kwenye shingo yake. Fabre aliandika kwamba mchungaji njo alimletea.

Falsafa yote ya elimu ninayoiona kwake iko hapo. Mwalimu akikupa jibu tu, utabaki nalo hata likiwa la uongo. Akikuonyesha njia aliyopita mpaka kulipata, na mahali alipopotea, amekupa na uwezo wa kumsahihisha. Kwa hiyo "sijui" ya mwalimu haipunguzi heshima yake. Ni mlango anaouacha wazi ili mwingine apite.

8. Na sisi

Mwaka jana nilirudi kile kijiji. Nilimtafuta yule mama, nikamwambia: "Mama, ile siku uliniuliza juu ya muti ya panda, sikujua, nikakudanganya. Unisamehe." Nikamweleza ile ya utomvu. Akacheka sana. Akaniuliza: "Na nyuki, je? Nyuki naye nani atamunawisha?"

Alikuwa ameona, siku nyingi, nyuki wanatoka kwenye ua la mgomba huu kwenda kwa ua la mgomba ule. Akanionyesha pia mgomba wa aina nyingine pembeni ya nyumba. Ua lake haliangushi vile vifuniko vyake, vinabaki vimeshikamana. "Hii inakawiaka kushikwa," akasema. Niliporudi mjini nilitafuta, nikakuta watafiti wa Uganda wameandika jambo lilelile juu ya aina wanayoiita Nakitembe: vifuniko visipoanguka, hakuna kidonda ambapo wadudu wanaacha bakteria. Njo maana tunaondoa ua la dume mapema, mbele nyuki hawajafika.

Yale maelezo ya yule mama yangeingia memwari yangu kama ningemuuliza ile mara ya kwanza. Sikumuuliza, sababu nilikwenda kwake na majibu. Migomba yake mingine ilikauka mule katikati. Hilo haliwezi kurudishwa.

Wengi kati yetu humu ni walimu sasa, wengine wasimamizi wa miradi, wengine wako na wanafunzi wa staji chini yao. Naomba kitu kimoja kidogo: wiki hii, mwanafunzi ao mkulima akikuuliza "juu ya nini?" na wewe hujui, useme "sijui, twende tuangalie". Kisha muende kweli. Kama mtafanya hivyo, muandike hapa chini vile ilivyokuwa, hata kama iliwaletea aibu. Ya kwangu munaijua sasa.